Je, asidi ya kaboni dayoksaidi ndiyo iliyoondoa wekundu wa udongo?

Swali: Tunachunguza mahali ambapo kaboni dayoksaidi hupanda yenyewe kutoka chini sana ardhini. Udongo wa hapo ni wa kijivu na pH yake ni kama 5, lakini hatua chache pembeni ni mwekundu. Je, asidi ya gesi hiyo ndiyo iliyoyeyusha madini ya chuma?

Jibu: Asidi imechangia, ila peke yake isingeweza. Kaboni dayoksaidi ikiingia majini hutoa asidi ya kaboniki, ambayo ni dhaifu mno. Kwa pH ya 5, hematiti na gothaiti, yaani madini ya chuma yanayoupa udongo rangi nyekundu na ya kahawia karibu haziyeyuki kabisa. Tatizo ni kukosekana kwa oksijeni. Kwenye hewa tunayovuta, kaboni dayoksaidi ni takriban asilimia 0.04. Ndani ya udongo wa Hartoušov, Jamhuri ya Cheki, ambako gesi hii hutoka kwa wingi, inaweza kupita asilimia 90. Oksijeni ikishafukuzwa, wapo bakteria wanaotumia chuma badala yake: hukipa elektroni chuma (III), yaani chuma kilichopoteza elektroni tatu, kilichomo kwenye madini, kikawa chuma (II), kilichopoteza mbili tu, ambacho huyeyuka na kusombwa na maji. Hapo ndipo asidi inaposaidia, kwa kukizuia kisigande tena haraka.

Ferihidriti, madini mengine ya chuma, hutangulia kuisha kwa sababu fuwele zake si imara. Pale ambapo pH inakaribia 7 na bikaboneti ni nyingi, sehemu ya chuma (II) huweza kuganda kama sideriti, yaani madini ya chuma na kaboneti.

Fanyeni jaribio hili: toeni bonge la kijivu, livunjeni, liacheni hewani. Kingo zikianza kushika rangi ya kutu, chuma (II) bado kimo. Likibaki kijivu siku kadhaa, basi huenda chuma kingi kimeshaondoka. Lakini, tafadhali sana, bonge litolewe kwa koleo lenye mpini mrefu, mtu asishuke shimoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na huua.

Sampuli za maabara zifungwe papo hapo bila hewa, la sivyo chuma (II) kitageuka njiani na majibu yatapotosha. Ombeni kipimo cha oksalati kwa madini yenye fuwele dhaifu, na cha dithionaiti kwa jumla ya oksaidi za chuma, kisha mlinganishe na udongo mwekundu.

Maji ya hapo yapimwe arseniki pia. Oksaidi za chuma huishikilia, zikiyeyuka, huiachia.