Mnaouliza kuhusu pabu za Waingereza, ukweli ndio huu

Haya, mmeuliza wengi, na kuna dogo anakuja kusoma huku Septemba ndo kanikaba kabisa: eti ni kweli kila mtaa Uingereza una pabu yake, mweusi akiingia inakuwaje, na sisi wabeba boksi tunakula bata humo kila wikiendi? Najibu kwa ninavyopaona hapa Sheffield, wa London nao watasema ya kwao.

Kwanza futeni kichwani baa za Sinza. Hakuna spika la kutikisa kifua, hakuna jiko la nyama choma nje. Pabu ya mtaani ni nyumba ya kizamani kwenye kona, ndani kapeti la maua maua limechoka, mbwa kalala chini ya stuli ya mzee, nje bango la mchoro limeandikwa Red Lion au Crown, majina hayo utayakuta nchi nzima. Sigara ndani marufuku tangu 2007, ndo maana mlangoni hata baridi iwe kali vipi kuna watu wamejikunyata wanavuta.

Mhudumu haji mezani. Ukikaa ukasubiri dada aje na opena utakaa mpaka wafunge, unaenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa hapo hapo, hakuna cha kuhesabu chupa tupu mwisho. Foleni huioni ila ipo, kila mtu anajua nani kamtangulia, na usithubutu kuita "psst dada" au kupunga noti, utarukwa mpaka ukome. Ukitulia zamu yako inafika, mama wa kaunta anakuuliza "what can I get you, love?" na usijipe matumaini, huku love wanaitwa wote mpaka mafundi bomba.

Bia yenyewe sasa. Painti ni mililita 568, inaizidi kidogo chupa yetu ya nusu lita. Wazee wanakunywa ile ya kuvutwa kwa mkono kutoka pipa lililoko chini ya nyumba, inakuja na ubaridi wa stoo tu, kama nyuzi 12 hivi, rangi ya chai ya rangi, chungu, gesi kidogo sana. Mtu wa "nipe ya baridi sana" ataona kauziwa iliyolala. Mimi nimeshaizoea na sasa naipenda, lakini simlazimishi mtu, lager za baridi zipo, soda zipo, hata chai pabu nyingi zinauza. Waislamu na mnaokwepa kitimoto angalieni tu zile pakiti zinazoning'inia nyuma ya kaunta, zinafanana na za krispi kumbe kuna ngozi ya nguruwe iliyokaangwa.

Kinachomaliza hela ni raundi. Mkiwa wanne mmoja ananunulia wote, kisha mwingine, kisha mwingine, na hapa mtaani kwetu painti ni pauni 4 mpaka 5, kwa hiyo zamu yako ikifika ni kama pauni 20 imeondoka kwa mkupuo, na huwezi kunywa za wenzako tatu halafu ukasema unawahi basi, jina la ubahili likikushika halitoki. Mwenye hela ya mawazo aseme mapema tu "mimi nanunua yangu leo", hakuna anayenuna. Sasa wewe unayeniambia nakula bata kila wikiendi piga hesabu, hiyo ni raundi moja, na ada za watoto wa dada unazitaka mwezi huu huu.

Kuhusu rangi sitawadanganya. Zipo pabu ukiingia vichwa vyote vinageuka na maongezi yanakatika, na siku England inacheza kuna sehemu sisogei. Ila pabu ya mtaani kwako ukionekana mara kwa mara wanakuzoea. Jirani yangu tunachangia ukuta, tulikuwa tunapishana mlangoni kila mtu kainamisha kichwa, kaja kunijua usiku wa kwizi, yaani mashindano ya maswali meza kwa meza humo pabuni, meza yao imepungukiwa mtu wakaniita. Likaja swali la mji mkuu wa Burkina Faso, meza nzima ikanigeukia mimi kama vile ndo kwetu! Bahati nzuri Ouagadougou naijua tangu shule ya msingi. Siku hizi vifurushi vyangu anapokea yeye nikiwa zamu ya usiku. Maongezi ni mvua, bei ya gesi na mpira, mshahara wa mtu usiulize, na kabla hujajua mwenzako ni United au Wednesday nyamaza kwanza, hao ndo Simba na Yanga wa hapa.

Kingine, kengele. Ikigongwa ya oda za mwisho, kwingi kama saa tano usiku, unawahi kaunta au basi, kubembeleza "boss moja ya mwisho" hakuna.

Na dogo, beba kitambulisho. Umri wa kuuziwa pombe ni miaka 18 ila ukionekana uko chini ya 25 wanakidai, na wewe una sura ya form two. Kazi ya kaunta wanafunzi wengi wanaifanya, tipu usiitegemee, na kwa viza ya chuo kikuu mwisho ni masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, meneja akikubembeleza uongeze zamu kataa, maana viza ikiota mbawa yeye hatapanda na wewe ndege.