Kodi inatoka kwenye skeli, haitoki kwenye vidole

Wadogo zangu mnaoanza kupiga vinanda vya kwaya, kuanzia Mbalizi hadi Uyole mkoani Mbeya: kosa ni lilelile kila Jumapili. Kwaya inaimba ki ya G (yaani do ni G), kinanda kinapiga kodi (noti tatu kwa pamoja) ya D maina mahali pa D meja. Inauma, maana ni kosa la kuzuilika.

1. Skeli kwanza, yaani ngazi ya noti kutoka do hadi do. Nusu toni ni kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, cheupe au cheusi; toni ni nusu mbili. Ngazi ya meja inapanda hivi: toni, toni, nusu. Toni, toni, toni, nusu. C haina kitufe cheusi, G ina F shapu (kitufe cheusi juu ya F), F ina B flati (kitufe cheusi chini ya B).

2. Kodi ni kushika noti moja ya skeli na kuruka moja. Ki ya C: C-E-G. Anzia D: D-F-A. Endelea hivyo hadi B. C hadi E ni nusu toni 4, E hadi G ni 3: hiyo ni meja. D hadi F ni 3, F hadi A ni 4: maina. Kwa hiyo katika ki yoyote ya meja, ukihesabu kutoka do, kodi ya 1, 4 na 5 ni meja; ya 2, 3 na 6 ni maina. Ya 7 ni 3 na 3, diminishi.

3. Hapa ndipo mnapoumia. Mkono uliozoea vyeupe vya C unavibeba hadi G, na F shapu inasahaulika. Kodi ya 5, yaani D-F shapu-A, inageuka D-F-A. Kwenye solfa (do, re, mi) hiyo F shapu ndiyo ti! Sauti ya pili wameishika ti yao vizuri, wewe unapiga nusu toni chini yao. Wengine watakufuata, wengine watabaki walipo, na mwalimu wa kwaya atawagombeza wasio na hatia. Tena kosa hili hutokea mwisho wa ubeti, pale ti inapotakiwa kuivuta sauti irudi do. Ukiishusha, mvuto umekwisha na wimbo hautui. Ki ya F nayo ina mtego wake: kodi ya 4 ni B flati-D-F. Ukiacha B nyeupe, umepiga diminishi katikati ya wimbo wa faraja.

Dawa yake: kabla hujagusa kinanda, taja kodi zote saba kwa mdomo. G, A maina, B maina, C, D, E maina, F shapu diminishi. Ukikwama, hiyo ki bado hujaijua.

4. Transpozi, kile kitufe cha kinanda kinachohamisha ki, ni ya dharura. Mkipiga na tarumbeta mtakutana na ki za B flati na E flati, jifunzeni tu. Na ukibonyeza transpozi, mwambie mpiga besi. Yeye anatazama mkono wako, anaona C, kumbe spika inatoa B flati.

5. Mkono wa kulia usirukeruke. Kutoka kodi ya C kwenda ya F, acha noti C ilipo, sogeza E iwe F na G iwe A.