Fundi Anajibu: VPN Inazunguka Tu

SWALI: Kaka Fundi, habari za kazi. Natunza hesabu za mfanyabiashara wa alizeti. Mimi niko Kibaigwa, seva ya ofisi iko Area C, Dodoma mjini, na naifikia kwa OpenVPN, programu ya VPN (njia ya siri ndani ya intaneti). Kwa bando la simu inakubali vizuri. Kwa intaneti tuliyowekewa hapa ghalani inazunguka mpaka inakata, ingawa WhatsApp na benki vinafunguka. Kijana mmoja kaniambia nibadilishe poti. Niweke ipi?
Mhasibu, Kibaigwa

JIBU: Dada Mhasibu, kwa kujaribu laini mbili umeshanifanyia nusu ya kazi. Seva ni nzima. Tatizo liko kwa mtoa huduma wa hapo ghalani. Poti ni mlango wenye namba ambao data hupitia. OpenVPN isipoguswa hutumia UDP 1194, yaani mlango 1194 kwa UDP, njia ya kutuma data bila kudai risiti, na anayetaka kuzuia VPN huanza na namba hiyo. Wengine hufunga karibu UDP yote, wakaacha poti za tovuti tu.

Weka TCP 443. TCP ni njia inayodai risiti ya kila kifurushi cha data. Poti 443 ndiyo inayobeba tovuti salama, benki yako ikiwemo. Nani ataifunga abaki na wateja? Ila ukibadilisha kwenye kompyuta yako peke yake umepoteza muda. Fundi wa Area C abadilishe kwenye seva pia, na ruta ya ofisi ielekeze 443 huko.

Faili kubwa zitasuasua. Faili zenyewe nazo husafiri kwa TCP, na TCP ndani ya TCP ni makarani wawili wanaofuatilia risiti moja: kifurushi kikipotea, wote wanakituma upya. Kwa hiyo 1194 usiifute, ibaki kwa ajili ya bando la simu. Na ile poti 53 wanayoipenda vijana achana nayo. Mitandao mingi hunasa kila kipitacho hapo na kukipeleka kwenye seva zake za DNS, zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

443 nayo ikigoma, basi wanakagua umbo la vifurushi, si namba. OpenVPN inavyoanza kusalimiana na seva haifanani na tovuti, hata ikiwa 443. Hapo usihangaike na namba nyingine. Fundi aipitishe ndani ya TLS halisi, ulinzi uleule wa tovuti salama, kwa programu kama stunnel.

Halafu muulize bosi: mlijisajili? Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN kikazi watoe taarifa zao, pamoja na anwani za IP (namba zinazowatambulisha mtandaoni). Kama bado, anzeni na hilo kabla hamjagusa poti yoyote. Mkishasajiliwa, mwandikieni mtoa huduma awafungulie 1194. Si mnamlipa kila mwezi?