Ua tusilotakiwa kuliona

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni msimu upi wa mwaka unaokuonyesha uzuri wa nchi yetu, na unauona wapi?" Juu ya swali mkaweka picha ya jahazi lililotweka tanga, jua linazama nyuma yake. Nililisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaliweka gazeti pembeni, nikashona nguo mbili, nikalirudia. Nimeona sitalala bila kulijibu, ingawa nitakalojibu si hasa mlilouliza.

Mimi ni Mpemba. Nimezaliwa na kukulia upande wa Wete, na sasa ni miaka 17 niko Dar es Salaam, Tabata. Kwetu misimu haikuwa ya kutazamwa. Kaskazi ikishika kuanzia Desemba, embe zinaiva, sawa, lakini jua linachoma na maji ya kisima yanashuka. Masika paa linavuja. Kusi likija bahari inachafuka, wenye vidau vidogo wanakaa nchi kavu na njaa inakaa pamoja nao. Wazee walikuwa na hesabu yao ya miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa jadi, na kila mwongo una kazi yake. Sikupata kusikia mwongo wa kuangalia jua likizama. Kwa hiyo swali lenu nimeligeuza kidogo, mnisamehe. Mimi najiuliza ni msimu upi unaompa mtu nafasi ya kuuona huo uzuri.

Mpemba ukimtajia msimu, la kwanza linalomjia ni karafuu. Na karafuu, kwa wanaoijulia kwenye pilau tu, ni ua. Ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Linachumwa likiwa kijani kinachoanza kuiva wekundu, kichwa kimevimba lakini bado kimefumba. Ukilichelewesha siku chache kichwa kinafunguka, na kikishafunguka bei yake imekwenda. Basi msimu mkubwa kuliko yote kisiwani petu, msimu unaolipa madeni, unaooza mabinti na kuezeka nyumba, ni msimu wa kuzuia maua yasichanue. Kisiwa kizima, wakubwa kwa watoto, tunapanda juu kuyawahi.

Nilikuwa na miaka 11. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, unaweza kujaa mwaka huu halafu ukajipumzikia miwili, mitatu. Mwaka ule ilijaa mpaka matawi yakainama. Shule ilitupa likizo tukachume. Wachumaji walikuja kutoka mbali, wakilipwa kwa pishi, kipimo chetu cha karafuu, na shamba la babu lililokuwa kimya mwaka mzima likawa kama soko. Wanaume juu, pakacha kiunoni, ngoe mkononi ya kuvutia matawi. Sisi watoto vitawi vya chini, na kuokota zilizodondoka.

Usiku ndiyo kazi nyingine, kuchambua. Tunakaa ukumbini kuizunguka kandili, lundo katikati. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakikandamiza kwenye kiganja cha mwingine, unakizungusha, karafuu zinaachia zenyewe na makonyo yanabaki. Karafuu huku, makonyo kule. Baada ya saa moja vidole vimekuwa vyeusi, mafuta yameingia chini ya kucha na yanawasha. Muhogo unaokula unanukia karafuu, maji unayokunywa yananukia karafuu, mto unaolalia vilevile. Mpaka leo fundi mwenzangu akitafuna karafuu moja kwa ajili ya jino, mimi nageuka kumtafuta bibi.

Sasa, karibu na kisima palikuwa na mkarafuu mkongwe kuliko yote shambani. Tawi lake moja la juu lilitoka peke yake kuelekea bondeni, na mwaka ule lilibeba kupita kiasi. Mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa mama, alikuwa kijana wa miaka kama 20 na alikuwa anatafuta pesa ya baiskeli. Alisimama chini akilikadiria kwa macho, akasema lile si chini ya pishi tatu. Babu akamwambia aliache. Tawi la mkarafuu halipindi kama la mpera. Linakatika ghafla, bila kukuonya, na msimu uliopita kijana wa jirani alianguka hivyo hivyo, mpaka siku hiyo alikuwa anatembelea gongo.

Mjomba akajibu. Kwetu mtoto hamjibu baba yake mbele za watu, lakini alijibu, tena mbele yetu sisi wadogo na mbele ya wachumaji wageni. Alisema tawi lile si la hofu, ni la pesa. Babu hakupandisha sauti. Alimwomba ile ngoe kama anayeomba kuitazama, akaipokea, akakaa chini ya ule mkarafuu na kuilaza mapajani. Akakaa. Tukaenda kula, tukarudi, yupo pale. Watu walimletea maji, akanywa, yupo pale. Mjomba alizungukazunguka, akachuma mti mwingine kwa hasira, majani yakawa yanadondoka ovyo. Mpaka adhana ya magharibi ndipo babu akainuka, akaenda kutawadha, na ngoe akaondoka nayo.

Usiku ule mvua ya vuli ikanyesha. Anayejua karafuu anajua maana yake. Karafuu inataka jua siku nne, tano kwenye jamvi mpaka iwe ya kahawia na ikivunjwa ilie. Ikilowa ikiwa nusu kavu inaingia ukungu, inapauka, na kituoni, inakonunuliwa, itashushwa daraja. Siku mbili mfululizo ikawa ni kuanika na kuanua. Wingu likitokea, mtu mmoja anapiga ukelele, wote mbio, kila mmoja na pembe ya jamvi. Nani angekumbuka tawi?

Siku ya tatu, nne hivi, mvua ikaacha. Nilitumwa kisimani alfajiri kumekucha kidogo. Nikateka, nikaona juu ya maji ya ndoo vinaelea vitu vidogo, vikofia vya wekundu hafifu, vyepesi kama ganda la dengu. Nikainua kichwa kuona vinatoka wapi.

Lile tawi lilikuwa limechanua lote. Ua la karafuu likifunguka, kile kichwa cha duara kinadondoka kama kofia, na ndani zinachomoza nyuzi nyingi nyembamba, nyeupe zinazoelekea umanjano, zimesimama pande zote. Moja moja nilikuwa nimeyaona, yaliyosahauliwa huku na huku. Tawi zima sikupata kuliona. Shamba lote lilikuwa kijani cha giza, limelowa, limechumwa mpaka likakwanguliwa, na juu pale tawi moja limevaa. Nyuki walikuwa wamefika kabla yangu. Nilisikia mvumo wao kutoka kule juu, na kila matone yalipodondoka kutoka kwenye majani, vikofia vingine vilishuka nayo.

Nilimwita bibi. Akaja na kanga yake kichwani, akatazama. Midomo yake ilikuwa inahesabu, najua alikuwa anahesabu pishi. Akasema, "Hiyo si ya kuangalia, mwanangu. Hiyo ni hasara." Lakini yeye mwenyewe hakuondoka. Alibaki amesimama pale, mkono kiunoni, mpaka shingo ikamchosha. Mjomba akaja, akaliona, akatema mate pembeni akarudi alikotoka. Mwisho akaja babu. Babu hakulitazama tawi hata kidogo. Alisimama akamtazama mjomba anavyoteremka njia kwa miguu yake miwili, akamtazama mpaka akapotelea migombani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia kwamba uzuri wa misimu ni wa wenye nafasi, wenye kupiga picha jahazi bila kujua ndani yake wamo mabaharia wenye viganja vilivyochubuka kwa kamba. Bado naamini kuna ukweli humo. Lakini nimesoma nilichoandika na naona nimejaza karatasi mbili nikieleza nyuzi za ua. Mtu asiyekuwa na nafasi ya kuona angewezaje kukumbuka rangi ya vikofia kwenye ndoo? Na ile kazi ya usiku niliyotaka kuilalamikia, ndiyo ninayoifungia macho sasa hivi niisikie. Kama hatukuwa na nafasi, basi tulikuwa tunaona tukiwa kazini, na sikulijua hilo mpaka leo mliponiuliza.

Mngetarajia basi nijibu vuli, msimu wa karafuu. Nimejaribu kuliandika hilo na kalamu imekataa. Tawi lile ni siku moja katika utoto wangu wote, na lilitokea kwa sababu mzee mmoja alikubali hasara. Siwezi kuusifia msimu mzima kwa hilo, wakati kila mwaka kuna nyumba Pemba ambayo mtu wake ameanguka.

Ninayoichagua ni masika, niliyoitaja juu kwa paa linalovuja.

Sababu ni bibi. Masika hakuna kuchuma wala kuanika. Akishamaliza mambo ya mpunga, mvua ikimrudisha nyumbani, anakaa barazani anasuka ukili, mkanda wa majani ya mnazi mkindu, na ukili ule baadaye ndio unashonwa majamvi ya karafuu. Mikono yake ilikuwa imeshajua njia, haikuhitaji macho. Macho yakawa huru. Mimi ninayeshona kwa cherehani naujua huo utajiri, maana sindano hainiruhusu kupepesa. Bibi alisuka huku anatazama mvua, na alitufundisha kuisikia inavyokuja. Kwanza inapiga migomba ya bonde la pili, sauti nzito. Halafu inakaa kimya kidogo, iko mpungani. Halafu mabati ya msikiti, hapo inalia. "Imefika msikitini," anasema, na sisi tunakimbia kuweka masufuria mahali panapovuja, kila sufuria na sauti yake, kubwa na dogo. Tulikuwa na njaa miezi ile, akiba ya karafuu imekwisha na nyingine hazijajitokeza. Lakini hakuna msimu mwingine ambao bibi alituambia "sikilizeni".

Nalisema hili nikiwa naishi chini ya paa lisilovuja, na lazima mlijue hilo mnapolihesabu jibu langu. Masika ya hapa Dar si ya baraza la bibi. Msimbazi ukifurika, Jangwani panafungwa, mabasi yanageuka, na watu wa mabondeni wanatoa magodoro usiku kwa usiku. Na hata kwetu, babu hakuwa akiisifu masika bila kukumbusha Aprili ya 1872, ilipokuja tufani ikaing'oa mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu nyingi zikawa za Pemba. Alikuwa anasema riziki yetu ilianzia kwenye msiba wa majirani, na tusiitaje mvua kwa majivuno.

Andikeni masika, basi, kama nafasi ni ya neno moja. Mjomba yuko hai, ana watoto saba, baiskeli aliipata msimu wa baadaye. Ule mkarafuu wa kisimani ulikauka wenyewe kwa uzee. Na mimi, mvua ikija usiku, naisikia inapiga kwanza mabati ya jirani wa bondeni kabla haijafika kwangu. Kila mwaka nafurahi, naisikiliza vile bibi alivyotufundisha, kisha nawasha taa nampigia simu mdogo wangu anayekaa karibu na mto, kumuuliza maji yamefika wapi.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam