Mkuu, weka hiyo nyundo chini kwanza

Usilipige! Umeandika kwamba umeokota jiwe la kahawia shambani huko Kishapu, limekwaruza kioo, na jioni kuna fundi anakuja kulijaribu kwa nyundo kwa sababu "almasi ya kweli haivunjiki". Mpigie simu huyo fundi abaki kwake.

Almasi inavunjika. Maneno hayo hayo niliambiwa na dalali mmoja pale Maganzo, mtu mzima wa kuheshimika, akaapa kabisa. Jiwe langu lilikuwa la karati nne hivi, yaani kama gramu 0.8, umbo lake piramidi mbili zilizounganishwa vitako. Akaliweka juu ya kipande cha reli, akagonga mara moja. Likasambaa mpaka chini ya benchi, vipande vingine vina nyuso bapa zinazometa. Mzee akaniambia, "Unaona? Chupa hii. Lete hizo takataka nikakutupie." Akaondoka na vile vikubwa! Vilivyobaki mpwa wangu alivipeleka soko la madini Shinyanga, mthamini akavigusa na kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto, akavikagua kwa lenzi. Almasi, vyote. Tukalipwa bei ya chenga, kwa kuwa bei ya kila karati hupanda kadiri jiwe linavyokuwa kubwa, na karati nne za chenga hazifikii hata kidogo jiwe moja la karati nne. Ile ilikuwa ada ya watoto na bati za nyumba. Nina hasira na yule mzee mpaka leo, na nina hasira na kila anayekaa kijiweni kufundisha vijana upuuzi huu.

Watu wanachanganya mambo mawili. Almasi ina namba 10, ya juu kabisa, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, yaani hakuna jiwe la kawaida litakaloikwaruza. Kupasuka ni habari nyingine: ndani yake kuna pande nne ambazo ikipigwa kuzifuata inaachana, kama gogo linavyofuata nyuzi zake chini ya shoka. Wakataji wanalijua hilo tangu zamani. Ile almasi ya Cullinan ya Afrika Kusini, karati 3,106, iliyopatikana mwaka 1905, wakataji akina Asscher wa Amsterdam waliipasua mwaka 1908 kwa kisu na pigo. Kubwa kuliko almasi zote za vito, na ilipasuka!

Na hicho kioo ulichokwaruza hakikwambii kitu. Kwenye kipimo hicho kioo kiko kwenye 5.5 tu, kwatsi, lile jiwe la kawaida linalofanana na kioo, iko kwenye 7, na kwatsi imejaa tele huko kwetu. Jiwe lako linaweza kuwa kwatsi, linaweza kuwa almasi. Nyundo haitakujibu, maana zote mbili zitavunjika.

Rangi ya kahawia isikukatishe tamaa, almasi si nyeupe tu. Mgodi wa Mwadui hapo hapo Kishapu mwaka 1947 ulitoa ya waridi ya karati 54.5.

Uliuliza pia habari za leseni na bei, wakuu wengine watakusaidia. Mimi ninachokuomba ni kimoja: jiwe lifike kwa mthamini likiwa zima. Lifunge kwenye karatasi peke yake, usilichanganye na mengine, almasi hukwaruzana zenyewe kwa zenyewe. Nenda mwenyewe, usimpe mtu akupelekee. Likiwekwa kwenye mizani simama hapo hapo usome namba. Gramu moja ni karati tano, piga hesabu mwenyewe kabla hawajakutajia.