Kompyuta Ikiganda Wakati wa Kurenda, Pima Umeme Kabla ya Kununua Madabodi

Dada mmoja anayehariri video za harusi kule Mbale ameniandikia kwamba kompyuta yake ya mezani haina tatizo anapoandika barua au kutazama filamu, lakini akianza kurenda tu, yaani kuiagiza kompyuta itengeneze video iliyokamilika, picha inasimama, mausi haisogei, na hana budi kubonyeza kitufe cha kuzimia. Fundi amemwambia anunue madabodi mpya, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta. Dada yangu, usitoe hata shilingi kwanza.

Mashine yangu hapa Kampala iliganda vivyo hivyo katikati ya harusi za Desemba. Fundi aliweka Windows upya, ikaganda tena, naye akatoa hukumu hiyo hiyo ya madabodi. Mteja aliyekuwa akinipa kazi kila msimu alihamia kwingine na kuwaambia watu kwamba siaminiki, na neno hilo bado linaniuma. Niliichukua mashine nikaipima mwenyewe.

Joto halikuwa chanzo: nilisafisha vumbi, nikapaka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, na programu ya kusoma joto ya HWiNFO ikaonyesha kwamba prosesa yangu, Core i7-4790, iko mbali na nyuzi 100, kiwango ambacho ikikifikia hujipunguzia kasi. MemTest86, programu ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) niliyoiwasha kutoka kwenye flashi usiku kucha, haikuona kosa lolote.

Kilichofichua ukweli ni kuelemeza sehemu mojamoja. Programu ya Prime95, inayochosha prosesa bila kugusa kadi ya michoro, ilienda bila shida. FurMark, inayochosha kadi ya michoro, nayo ikaenda. Nilipoziwasha zote mbili kwa pamoja, mashine ikaganda baada ya muda mfupi. Sehemu mbili zilizo nzima kila moja kivyake, lakini zinazoanguka zikifanya kazi pamoja, hutufanya tushuku kile zinachogawana, nacho ni umeme. Programu nyingi za kuhariri video huzitumia zote mbili wakati wa kurenda, ndiyo maana barua na filamu hazikuwahi kuonyesha kasoro.

Pawa saplai yangu, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, iliandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini jedwali dogo ubavuni lilisema kwamba laini ya volti 12, inayolisha prosesa na kadi ya michoro, hutoa ampea 18. Zidisha 18 kwa 12 upate wati 216. Prosesa yangu imekadiriwa wati 84 na kadi ya GTX 1060 wati 120, jumla 204, kabla ya kuhesabu diski na feni. Laini hiyo haitakiwi kushuka chini ya volti 11.4, lakini mita yangu ya umeme ilionyesha ikishuka chini ya hapo kila nilipoziwasha programu zote mbili. Nilibadilisha pawa saplai peke yake, na madabodi ile ile iliyohukumiwa ndiyo ninayofanyia kazi hadi leo.

Ndugu zangu tunaokula kwa kazi hii, fundi akitaja kifaa cha kununua, tumwombe kwa heshima atuonyeshe kipimo kilichomfikisha hapo. Asituonyeshe tukio namba 41 la Kernel-Power kwenye orodha ya matukio ya Windows kama ushahidi, kwa sababu Windows huliandika kila mashine inapozimika bila kuagizwa, hata ukiizima wewe kwa kitufe baada ya kuganda.

Kwa hiyo, dada, fanya vipimo hivyo kwa mpangilio huo. FurMark ikigandisha mashine ikiwa peke yake, chunguza kwanza kadi na draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Zikianguka pamoja tu, tafuta pawa saplai yenye ampea 30 au zaidi kwenye laini ya volti 12 kwa mashine inayofanana na yangu, na usome jedwali lake dukani kabla ya kulipa. Ile ya zamani usiifungue ndani, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.