Kulala garini huko kaskazini: saa kumi jioni uwe umesimama

Likizo ya Agosti ikikaribia, marafiki zangu hapa Nairobi huniuliza gari gani litawafikisha Ziwa Turkana. Mimi huwajibu kwa kuwauliza wamepanga kulala wapi. Ondoka mjini saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa kumi jioni uwe tayari unatafuta pa kulala, hata kama barabara bado inakuita. Giza la kule huingia upesi, ngamia na punda hulala juu ya lami yenye joto, na ukipata pancha usiku hutapata wa kukushikia tochi.

Lami siku hizi inafika hadi Moyale, kwa hiyo hadi Marsabit hata Probox inakwenda. Kuna wanaotoka Nairobi na kufika Marsabit siku hiyo hiyo. Wanafika wakiwa hoi na mlima Ololokwe wameupita bila kuutazama. Mimi hulala Archers Post. Kabla ya hapo, Isiolo, najaza tangi na mitungi, kwa sababu nikishakunja kushoto pale Laisamis kuelekea ziwani, mafuta nitakayoyapata mara nyingi ni ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, na bei ni ya muuzaji.

Barabara hiyo ya Laisamis iliboreshwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo, yote 365. Mbele yake mawe meusi ya volkano yanakula matairi bila huruma. Beba spea mbili, pampu, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama mchangani na gari halinyanyuki.

Sasa kulala. Watu wa mjini hudhani usalama ni kujificha kichakani. Huko hakuna kujificha: kabla hujazima injini, mchunga mbuzi ameshakuona. Tafuta boma lililo karibu, salimia wazee, uliza kama unaweza kulala hapo. Wao ndio watakaokuambia njia ipi si salama wiki hiyo, jambo ambalo ramani ya simu haijui. Karibu na Ngurunit nilimwonyesha mzee mmoja mahali pazuri, tambarare, pana mchanga laini na kivuli cha mgunga. Akatikisa kichwa: "Hapo ni laga, mkondo wa mto mkavu, mwanangu. Mvua inanyesha milimani, wewe huisikii, maji yanakukuta usingizini." Akanionyesha kilima chenye kokoto. Mgongo uliuma, lakini nililala.

Ndani ya gari, laza viti vya nyuma na utandike godoro la sponji. Vioo viwili vinavyokabiliana viache wazi kidogo, uvifunike kwa vipande vya chandarua vilivyobanwa na sumaku. Jiko la gesi lisiwashwe ndani kamwe, hata upepo uwe mkali vipi.

Na upepo utakuwa mkali. Loiyangalani, kando ya ziwa, usiku unashuka kutoka Mlima Kulal kama lori lililokatika breki. Hema nimeona likichukuliwa na vigingi vyake. Elekeza pua ya gari upepo unakotoka, na ukifungua mlango ushike kwa mikono miwili, la sivyo bawaba zinapinda. Hii ndiyo sababu nasema gari ni bora kuliko hema upande huo.

Ukitaka kuendelea hadi jangwa la Chalbi, fuata nyayo za malori na upunguze upepo wa matairi kwenye mchanga. Mvua ikiwa imenyesha hivi karibuni, acha kabisa: juu utaona chumvi kavu, chini ni tope.

Maji ya kunywa beba ya kutosha, maana ya ziwa yana magadi. Kuhusu kuoga humo, waulize wenyeji kwanza ni ufuo upi watoto wao huogelea. Mamba wa Turkana ni wengi.